Harufu ya petroli garini si ya kuzoea

Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru upande wa Zambia. Machi ikiingia, mwambao wa Nchelenge na Kashikishi hubadilika kwa siku chache tu. Mitumbwi inarudi majini, wanunuzi wanateremka kutoka Mansa, Copperbelt na Lusaka, na wafanyabiashara wa Kilwa na Pweto, upande wa Congo, wanazidisha safari zao za kuvuka. Kila gari linaloweza kuwaka linatakiwa. Hata lile lililokaa miezi mitatu chini ya mwembe, matairi yamepungua upepo na panya wamejenga kiota ndani ya boneti, linasukumwa, linawaka, linapakiwa.

Kiswahili kinatumia neno hilo moja, kuwaka, kwa injini iliyoitika na kwa moto ulioshika. Katika magari mengi yanayobeba samaki wa Mweru, umbali kati ya maana hizo mbili ni mpira wa mafuta uliopasuka na waya ulioungwa kwa plastiki ya mfuko.

Hatari za ziwa zinajulikana na husimuliwa: mawimbi ya mchana, mitumbwi iliyozidiwa mzigo. Ajali za barabarani nazo zinasimuliwa. Gari likiungua, mazungumzo huisha kwa neno moja: shoti. Wengine huongeza kwamba mwenye gari amefanyiziwa na wenzake kwa wivu wa biashara. Basi, jambo limekwisha, na wiki inayofuata gari jingine la aina ileile linapakiwa kwa namna ileile.

Ukweli ni kwamba moto wa gari kuukuu una chanzo kinachoonekana kwa macho, mara nyingi siku nyingi kabla ya kushika. Na mtu mwenye uwezo mkubwa wa kuuzuia ni mwenye mzigo, kuliko hata askari wa barabarani au fundi. Ni mama mwenye magunia 12 ya chisense, dagaa wa Mweru, ambaye nauli yake ndiyo inayoliondoa gari Kashikishi. Yeye ndiye anayelipa. Asipopanda, dereva haendi.

Kwanza lijulikane gari lenyewe. Ni Toyota Corolla, Hiace, Noah au lori dogo la Canter, lililotumika Japani miaka kadhaa, likashushwa Dar es Salaam na kupita Tunduma na Nakonde, au likaja kwa njia ya kusini. Likifika Luapula huanza maisha ya pili marefu kuliko yale ya kwanza. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Bila magari hayo hakuna biashara ya Mweru. Chuma cha Corolla ya miaka 25 bado ni chuma. Lakini ndani ya boneti kuna vitu ambavyo havikutengenezwa kuishi miaka 25, na cha kwanza ni mpira wa mafuta.

Mpira huo hupitisha petroli kutoka kwenye bomba la chuma hadi kwenye injini. Umekaa miaka yote hiyo karibu na joto, na mpira wowote unaopikwa polepole hukauka, hugeuka mgumu, kisha hupasuka nyufa ndogo ndogo. Katika magari ya zamani ya kabureta, ufa kama huo hutoa tone moja moja. Katika magari yanayotumia sindano za kupulizia mafuta, na hayo ndiyo mengi sasa, pampu husukuma petroli kwa nguvu ya takribani bar 3, zaidi ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Ufa mwembamba kama unywele hapo haudondoshi, unapuliza. Petroli iliyopulizwa hewani ni mvuke tayari, na mvuke unasubiri cheche tu. Cheche ndani ya boneti hazikosekani: waya wa plagi uliochoka, alternata, kichwa cha betri kilicholegea.

Mpira wa mita moja na klipu mbili za kukaza hauwezi kulinganishwa na bei ya injini, sembuse gari zima na mzigo wake. Hata hivyo, mara nyingi fundi huitwa, hukata kipande kilichopasuka, huvuta kilichobaki na kukifunga kwa waya wa kufungia uzio. Mwenye gari anafurahi kwa kuwa amelipa kidogo. Waya huo hubana mpira upande mmoja na kuuacha upande mwingine, na siku gari likipita kwenye mashimo, mpira huchomoka. Wakati mwingine fundi huweka mpira wa maji ya rejeta badala ya mpira wa mafuta kwa sababu vipenyo vinalingana. Mpira wa maji hauivumilii petroli. Hulainika kwa ndani, huvimba, kisha huachia. Kwa jicho la mteja, mipira yote ni mieusi.

Baada ya mafuta, waya. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na waya wa unene fulani kwa kila kazi, na fyuzi ya kulinda kila waya. Fyuzi ya ampea 15 imewekwa ili ikatike kabla ya waya kupata moto. Ndiyo kazi yake yote: kufa ili gari lisife. Kisha anakuja kijana wa kufunga redio yenye spika kubwa, mwingine anaongeza taa za mbele za kuona ng'ombe usiku, mwingine anafunga chaja za simu kwa ajili ya abiria. Kila mmoja anachuna waya uliokuwepo, anasokota wake, anafunga kwa gundi ya karatasi au plastiki. Fyuzi inakatika kwa sababu mzigo umezidi, na badala ya kuuliza kwa nini, mtu anaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au uzi wa shaba. Tangu siku hiyo hakuna kitakachokatika isipokuwa waya wenyewe, nao utakatika kwa kuungua, nyuma ya dashibodi, mahali ambapo mkono haufiki.

Betri nayo ina mkasa wake. Ya asili ikifa, inanunuliwa iliyotumika, pengine kubwa kuliko kiti chake, na inafungwa kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Katika barabara ya mashimo betri inaruka. Ikiwa kichwa chake cha chanya hakina kifuniko, siku moja kitagusa chuma cha boneti, na nguvu yote ya betri itapita hapo kwa mara moja. Kibanio cha chuma cha kushikia betri na kipande cha mpira juu ya kichwa cha chanya vingetosha kuzuia hilo.

Oili inachukuliwa kama uchafu tu. Gasketi ya juu ya injini ikichoka, oili hutiririka na kudondokea mwanzo wa eksozi, ambapo joto hufika nyuzi mamia kadhaa gari likipanda mlima likiwa na mzigo. Huanza na moshi mwepesi na harufu ya kitu kinachokaangwa. Madereva wengi huitambua harufu hiyo na kufungua dirisha. Oili ikiwa nyingi, au ikiwa imelowanisha matambara yaliyosahauliwa na fundi ndani ya boneti, moshi huo hugeuka mwali. Jambo hili ni kweli hata kwa dizeli, ambayo watu huidhani haiwaki. Dizeli haitoi mvuke kirahisi kama petroli, lakini ikidondokea chuma chenye joto la kutosha, inawaka vizuri sana.

Sasa gari lililokaa miezi mitatu. Panya hutafuna ganda la waya. Mpira uliokuwa na unyevu wa mafuta hukauka. Nyasi za kiota hubaki juu ya injini, mahali pa joto. Saa moja ya kufungua boneti mchana kweupe, kuondoa nyasi, kupitisha vidole kwenye kila mpira, kukagua kila waya, kisha kuwasha injini na kuitazama kwa dakika 10 bila mzigo, ingezuia mengi. Vidole vikitoka na harufu ya petroli, gari haliondoki. Ni kipimo rahisi kuliko mashine yoyote ya ukaguzi.

Hayo yote ni ya mwenye gari. Yanayofuata ni ya wafanyabiashara, na hapa ndipo ukali unahitajika zaidi.

Boti za injini katika Mweru zinatumia petroli. Petroli hiyo husafirishwa kwa madumu kutoka vituo vya mafuta hadi ufukweni, hadi vijiji vya uvuvi vya Chiengi kaskazini, na kuvuka ng'ambo. Dumu linalotumika mara nyingi ni lile la njano la lita 20 lililoletwa na mafuta ya kupikia. Plastiki yake haikukusudiwa petroli na kifuniko chake hakibani mvuke. Jua la mchana likipiga, petroli hutanuka, dumu huvimba tumbo, na mvuke hutafuta njia kwenye nyuzi za kifuniko. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatoka dirishani. Unashuka chini ya viti, unajikusanya sakafuni, unatambaa kuelekea mbele, na hauhitaji joto kubwa ili uwake, kwa kuwa petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali kuliko ya barafu. Juu ya viti hivyo wamekaa abiria wanane, mmoja ana mtoto mgongoni, mwingine anataka kuvuta sigara, na chini ya kiti cha dereva kuna waya ule wa spika.

Gari la namna hiyo halihitaji ajali wala fundi mbaya. Linahitaji cheche moja. Na abiria wa kiti cha nyuma katika Hiace iliyojazwa magunia hadi mlangoni hana pa kutokea.

Afrika Mashariki na Congo zimekwisha kulipa bei ya kutokujua petroli inavyofanya kazi. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, katika mji mdogo wa Sange, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, lori la mafuta lilipinduka. Ilikuwa siku ya robo fainali za Kombe la Dunia na watu walikuwa wamekusanyika kutazama mpira. Mafuta yalitiririka kati ya nyumba, watu wakatoka, wengine na vyombo vya kuchotea, kisha moto ukashika. Watu zaidi ya 230 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu ya Msamvu, Morogoro, ambako waliokufa walipita 100. Ilielezwa wakati ule kwamba kulikuwa na mtu aliyejaribu kuchomoa betri ya lori lililoanguka huku petroli ikiwa imetapakaa, cheche ikatokea.

Ni kweli kwamba lori la maelfu ya lita si sawa na madumu manne ndani ya Noah. Lakini mvuke ni uleule, na katika gari lililofungwa vioo kwa sababu ya vumbi, lita chache zinatosha. Tofauti ni kwamba Sange na Msamvu ziliandikwa duniani kote, na gari moja lenye watu tisa kwenye barabara ya Chiengi haliandikwi popote.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mfanyabiashara anayeheshimu uhai wake iwe hii: petroli na watu hawapandi gari moja. Kama lazima isafirishwe, iende kwenye gari la wazi, peke yake, katika chombo cha chuma au plastiki kilichotengenezwa kwa petroli, kikiwa kimeachiwa nafasi juu ya kutanuka, kimefungwa wima kisiruke. Ijazwe chombo kikiwa chini ardhini, kisijazwe kikiwa ndani ya gari, kwa sababu petroli ikimiminwa kwenye plastiki huzalisha umeme tuli, ule wa nywele kusimama, na plastiki juu ya zulia la gari haina pa kuutoa.

Mzigo mwingine wenye hila ni mkaa. Mkaa uliotolewa tanuruni jana unaweza kuonekana mweusi na baridi kwa nje huku ndani una kaa hai, na hata usipokuwa nalo, mkaa mpya hunyonya hewa na kujipasha joto wenyewe. Gunia la namna hiyo likifunikwa chini ya turubai pamoja na magunia ya samaki wakavu, upepo wa safari unafanya kazi ya kipepeo. Mkaa ukae siku kadhaa umeanikwa kabla ya kupakiwa. Kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, dereva naye asiegeshe juu ya nyasi kavu baada ya safari ndefu, maana eksozi iliyo chini ya gari bado ina joto la kuziwasha.

Itasemwa kwamba haya ni maneno ya mtu asiyesubiri gari. Samaki wabichi kwenye barafu hawangoji, na siku nyingine gari linaloondoka ni moja tu. Dereva husema, "Mama, ni harufu tu, tutafika." Mama anajua kuwa mtaji ule si wake peke yake. Ni zamu yake ya upatu, chilimba kama wanavyoita Zambia, likelemba kama wanavyoita Congo, na wenzake wanamsubiri arudi na fedha. Anapanda.

Hoja hiyo ni nzito na haipaswi kubezwa. Lakini inaweza kugeuzwa. Kikundi cha upatu kinachoweza kumkopesha mwanachama mtaji wa magunia 12 kinaweza pia kumwekea sharti la gari la kupanda. Wanawake 15 wanaosafiri kila wiki kati ya Kashikishi na Mansa, zaidi ya kilomita 200, ni wateja ambao hakuna mwenye Hiace anayetaka kuwapoteza. Wakisema kwa sauti moja kuwa hawapandi gari lenye madumu ya petroli wala lisilo na mtungi wa kuzimia moto, madereva watalalamika wiki moja, na wiki ya pili mitungi itaonekana. Kwa mmoja mmoja hawaliwezi hilo. Nguvu hiyo wanayo tayari, ila wanaitumia kupunguza nauli tu.

Mtungi wenyewe usiwe pambo. Mingi iliyopo magarini ilinunuliwa kwa ajili ya askari, imefungwa chini ya magunia au nyuma ya kiti cha mwisho, na mshale wake umelala kwenye nyekundu. Unapaswa kuwa wa unga, mshale uwe kwenye kijani, na ukae pale mkono wa dereva au konda unapofika bila kushuka. Unga ukikaa miaka bila kuguswa huganda chini kwa mtikisiko wa barabara, kwa hiyo upinduliwe na kutikiswa mara kwa mara. Na watu wajue kuwa mtungi wa kilo moja huisha ndani ya sekunde 10 hivi. Hautazima gari linalowaka. Utazima moto mdogo unaoanza, ukielekezwa kwenye shina la moto badala ya ndimi zake.

Moshi ukitokea kwenye boneti, dereva asimamishe gari pembeni na azime swichi kwanza. Swichi ikizimwa, pampu ya mafuta husimama na petroli haipulizwi tena. Hilo tu huamua mengi. Abiria washuke wote na wasogee mbali, walau hatua 40, upande ambao upepo unatokea. Boneti isifunguliwe wazi, kwa kuwa hewa itakayoingia ndiyo chakula cha moto. Ifyatuliwe kwa ndani, iachwe mwanya mdogo, na unga upulizwe hapo. Maji hayafai kwa petroli, huyaelea na kusambaa nayo. Mchanga unafaa kwa kilichomwagika chini, na mwambao wa Mweru hauna upungufu wa mchanga. Tairi likishika moto kwa breki zilizoganda, kuzimika kwake si mwisho, kwa sababu mpira wenye joto hurudi kuwaka baada ya dakika kadhaa, hivyo gari halipakiwi upya mpaka liwe baridi la kushikika. Na asirudi mtu kwa ajili ya gunia, simu wala mkoba wa fedha. Kwenye gari dogo lenye viti vya sponji na plastiki, kati ya moshi wa kwanza na moto uliojaa ndani ni dakika chache, na moshi wa sponji hiyo huua kabla ya moto.

Serikali nazo zina lao. Jibu lililozoeleka ni umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda imeweka kikomo cha miaka 15 tangu mwaka 2018. Kwa biashara ya Mweru jibu hilo ni dhaifu. Gari la miaka 10 lenye redio ya kuchuna waya ni hatari kuliko la miaka 25 lililobadilishwa mipira, na sheria ya umri haigusi yale ambayo tayari yako barabarani. Ikifuatwa hadi mwisho, itawaacha wauza samaki kando ya barabara na bei ya nauli juu. Kinachohitajika ni ukaguzi unaotazama ndani ya boneti. Zambia ina wakala wa usafiri na usalama barabarani, RTSA, wenye kazi ya kupima uzima wa magari na kutoa vyeti. Breki, taa na matairi hupimwa na ni sawa. Mpira wa mafuta, fyuzi za karatasi na kibanio cha betri vinastahili uzito uleule, na haviitaji mtambo, vinahitaji tochi.

Jambo hili haliwezi kuishia Zambia, na ramani yenyewe inaeleza sababu. Gari la samaki likitoka Nchelenge kwenda Mufulira kwa njia ya mkato, linapita Mansa, linavuka Luapula kwa daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008, linaingia Congo, linatembea takribani kilomita 70 katika ardhi ya Congo, kisha linarudi Zambia kupitia Mokambo. Safari moja, mipaka miwili. Linaanza likiendeshwa kushoto, linahamia kulia, linarudi kushoto. Kwenye kila kizuizi kuna mtu anayeuliza karatasi za mzigo, za gari, za dereva. Hakuna anayeuliza dumu lile chini ya kiti ni la nini. Likiungua katikati ya kilomita hizo 70, abiria ni Wazambia, ardhi ni ya Congo, na zimamoto si ya yeyote.

Congo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Zambia haimo, lakini zote mbili zimo COMESA, ambayo makao yake makuu yako Lusaka, na zimo SADC. Nchi hizo zimeweza kukubaliana juu ya orodha za bidhaa zinazovuka kwa mpango rahisi wa wafanyabiashara wadogo. Zinaweza pia kukubaliana juu ya ukurasa mmoja wa ukaguzi wa moto unaotambuliwa pande zote, ili gari lililokaguliwa Nchelenge lisianze upya Chembe na Mokambo. Dereva atakayeona karatasi hiyo inampunguzia vizuizi ataitafuta mwenyewe, jambo ambalo faini haijawahi kufanikisha.

Hadi hapo, kuna karatasi moja ambayo wafanyabiashara wengi wanaiamini kuliko inavyostahili. Ni Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya magari yanayovuka mipaka inayofanya kazi tangu 1987. Kadi hiyo ni nzuri kwa kilichokusudiwa: madhara gari linayowasababishia watu wengine katika nchi nyingine, na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Hailipi gari lenyewe likiungua. Hailipi magunia. Mwenye gari anayetaka kulipwa kwa moto anahitaji bima inayotaja moto waziwazi, na mwenye mzigo anahitaji ya kwake mwenyewe, ambayo karibu hakuna anayekuwa nayo Kashikishi. Mama mwenye magunia 12 anapopatana nauli, basi, anajadili pia nani atabeba hasara, hata kama neno hilo halitajwi. Maswali mawili ya kuuliza kabla gunia la kwanza halijapandishwa ni mafupi: madumu yako wapi, na mtungi uko wapi. Dereva akianza kueleza badala ya kuonyesha, gunia libaki chini.